Tuamue pamoja au aamue mmoja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maamuzi kazini

Maswali haya nimeyakusanya kwenye vikao vya wafanyakazi na semina ndogondogo kati ya Nakuru, Kericho, Kisumu na Kakamega: vituo vya maziwa, shule, maduka ya jumla, karakana za jua kali, ofisi za sacco. Mengi nimeulizwa tena na tena, karibu kwa maneno yaleyale. Unaweza kuanzia swali lolote. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, nimekuelekeza kwa nambari.

## Mambo ya msingi

1. Si kila tunapokaa kikao tunaamua pamoja?

Hapana. Kuna kikao ambacho bosi ameshaamua na amekuja kuwaarifu. Kuna ambacho anataka ushauri, kisha ataamua mwenyewe. Na kuna ambacho kundi ndilo linaloamua, na bosi naye anafungwa na uamuzi huo. Vyote vitatu ni halali. Kinachoharibu kazi ni kuita cha kwanza kwa jina la cha tatu. Ukiwaita watu watoe maoni kuhusu ratiba ya zamu ambayo tayari imebandikwa ukutani, kikao kijacho watakuja kunywa chai tu, na hawatakuwa na makosa.

Kwa hiyo mwenye kuitisha kikao aseme mapema, kabla ya ajenda ya kwanza: leo nawaarifu, leo naomba ushauri, au leo tunaamua sote.

2. Kutatua tatizo na kufanya uamuzi si kitu kimoja?

Ni hatua mbili. Kutatua tatizo ni kutafuta chanzo na njia zilizopo: kwa nini mkate unatoka mgumu kila Jumatatu, na ni nini kinachoweza kufanywa. Kuamua ni kuchukua njia moja, kuacha nyingine na kukubali gharama yake. Kundi lina faida kubwa katika hatua ya kwanza, maana kila mmoja ameona upande wake wa jambo. Hatua ya pili mara nyingi inawatosha watu wachache, au hata mmoja.

3. Basi lipi bora, kundi au mtu mmoja?

Inategemea maarifa yako wapi. Yakiwa yametawanyika, kundi litamshinda mtu mmoja, lakini kwa sharti moja ambalo watu husahau.

Mwaka 1907 mwanasayansi Mwingereza, Francis Galton, aliandika kuhusu mashindano yaliyofanyika kwenye maonyesho ya mifugo mjini Plymouth. Watu walikisia uzito wa ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kuandaliwa. Kadi 787 zilifaa kuhesabiwa: za wachinjaji, za wakulima, na za watu wasiojua lolote kuhusu ng'ombe. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito halisi ulikuwa ratili 1,198. Tofauti haikufika hata asilimia 1.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba wengi hawakosei. Mimi naona jambo jingine: kila mtu aliandika kisio lake kwenye kadi yake. Lau wangesimama kwenye duara na mchinjaji maarufu akasema wa kwanza, tungepata kisio la mchinjaji lililorudiwa mara 787. Tunasema penye wengi pana mengi. Ni kweli, mradi hayo mengi yapewe nafasi ya kutoka. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye shauri lilelile: kila mtu afikirie peke yake kwanza, na ikiwezekana aandike, ndipo mzungumze.

4. Nitajuaje jambo hili niitishe kikao au niamue mwenyewe?

Jiulize nani anajua kitu ambacho wewe hukijui. Kisha jiulize ni nani atakayeubeba uamuzi huo mabegani mwake. Ukikuta jibu la maswali yote mawili ni wewe, amua na uendelee na kazi. Usiwakusanye watu saa nzima kuchagua duka la kununulia karatasi za risiti.

Lakini chukua mfano wa kusogeza mwisho wa zamu kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Wewe meneja una gari. Binti anayepanga bidhaa anapanda matatu hadi Kondele, kisha anatembea. Yeye ndiye anayejua njia hiyo ikoje saa tatu na nusu, na nauli inapanda kiasi gani. Hilo usiliamue bila yeye.

Angalia pia kama jambo linaweza kurudishwa. Lile unaloweza kulijaribu wiki mbili na kuliacha halihitaji vikao vitatu. La kukodi jengo kwa miaka sita linahitaji.

## Ndani ya kikao

5. Mbona watu hunyamaza kikaoni, halafu getini kila mtu ana neno?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lina uzito kwangu.

Nilikuwa katibu wa kikao katika kituo kimoja cha kupozea maziwa upande wa Molo. Fedha zilizobaki zilitosha jambo moja: kukarabati ua au kuifanyia matengenezo kompresa ya tangi. Tulikuwa tisa. Meneja akasema anaona ua ndio unaotutia aibu mbele ya wageni. Mhasibu akaunga mkono. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye neno lingine?" Fundi wa mitambo alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia juu ya goti, akizungusha kidole kwenye ukingo wake. Akatazama chini. Nikaandika: imepitishwa kwa kauli moja.

Tulipofika getini akaniambia, "Madam, ile kompresa siku hizi inanguruma kama mtu anayesaga mawe." Nikamuuliza mbona hakusema. "Wakubwa walikuwa wameshasema." Wiki iyo hiyo tangi lilipoteza baridi usiku, na asubuhi maziwa ya wakulima yakamwagwa. Maneno "kauli moja" yangali kwenye kitabu cha kumbukumbu, kwa mwandiko wangu.

Yule fundi hakuwa mwoga kuliko sisi wengine. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, nchini Marekani, alichapisha majaribio ambapo watu waliombwa waseme ni mstari upi unaolingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi machoni. Wenzao kwenye chumba walikuwa wamepangwa kutoa jibu la makosa kwa sauti. Takriban watu watatu kati ya kila wanne walifuata makosa hayo angalau mara moja. Na hapo hapakuwa na bosi, wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini Asch aligundua pia kwamba akiwepo mtu mmoja tu mwingine anayesema ukweli, kufuata mkumbo kunapungua sana.

Tangu siku ya maziwa siulizi tena "kuna mwenye neno lingine?" Swali hilo linamtaka mtu asimame dhidi ya wakubwa mbele ya watu. Badala yake nagawa nusu karatasi kabla mtu yeyote hajazungumza: andika ungechagua nini, na jambo moja linalokutia wasiwasi. Kisha nazisoma zote kwa sauti bila majina. Fundi akisikia karatasi ya pili inayotaja kompresa, atasema.

6. Tumezungumza saa tatu. Mbona hatukugundua jambo ambalo mmoja wetu alilijua?

Kwa sababu makundi hupenda kuzungumzia yale ambayo kila mtu anayajua tayari. Watafiti Garold Stasser na William Titus walilionyesha hili mwaka 1985: kila mshiriki alipewa sehemu ya habari kuhusu wagombea wa uongozi wa wanafunzi, na ukiziunganisha sehemu hizo zote mgombea bora alionekana waziwazi. Makundi mengi hayakumchagua. Yalirudia habari walizokuwa nazo wote, na zile za mtu mmoja mmoja zikabaki kwenye mifuko ya wenyewe.

Anza kwa kuzunguka meza ukiuliza: wewe umeona nini wiki hii ambacho wengine hawakuwepo kukiona? Dereva aseme ya barabarani, wa stoo ya stoo, wa dirishani anayopigiwa kelele na wateja. Maoni yasubiri kwanza.

7. Kila mtu akiropoka linalomjia, si ndiyo njia bora ya kupata mawazo mapya?

Njia hiyo ilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara nchini Marekani, na bado inapendwa. Lakini tangu mwaka 1958 watafiti wamelinganisha kundi linalozungumza pamoja na idadi ileile ya watu wanaofikiri kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Wanaofikiri kivyao hupata mawazo mengi zaidi. Sababu kubwa, ambayo Michael Diehl na Wolfgang Stroebe waliichambua mwaka 1987, ni kwamba mmoja akizungumza wengine wanangoja, na wakingoja wanasahau au wanaacha. Fanya kama kwenye swali la 5: karatasi kwanza, mdomo baadaye.

8. Kikao kiwe na watu wangapi?

Watano hadi saba wanatosha kuamua. Uliyevuta kamba shuleni siku ya michezo unaijua sababu. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima nguvu za watu wakivuta na mwaka 1913 akachapisha matokeo: katika kundi la watu wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu alizotoa akiwa peke yake. Sehemu ya upotevu huo ni kutopatana kwa mwendo, na sehemu ni kutegeana. Mkiwa ishirini na tano kwenye chumba, wenzako watano watazungumza na ishirini watategea.

Wengine wasiachwe nje. Waulizwe kabla na waelezwe baada.

9. Bosi aseme wa kwanza au wa mwisho?

Wa mwisho, na saa nyingine asiwepo kabisa. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy na washauri wake walikubaliana kuvamia Cuba kupitia Ghuba ya Nguruwe, na uvamizi ukashindwa vibaya. Mwaka uliofuata, Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, alibadilisha utaratibu. Baadhi ya mazungumzo alijiondoa kwa makusudi, ili washauri wabishane bila kumtazama usoni.

Kwetu hapa, ambapo mkubwa akishasema ni kama kikao kimefungwa kwa maombi, jambo hili lina uzito maradufu. Mwalimu mkuu anayetaka kusikia ukweli kuhusu ratiba ya mitihani amwachie naibu wake kiti kwa nusu saa, kisha arudi kusoma orodha ya maoni yaliyotolewa.

10. Tupige kura au tuafikiane?

Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao. Kwenye vyama vya ushirika kanuni ni mwanachama mmoja, kura moja, hata kama hisa za jirani yako ni mara kumi ya zako, na kwenye mkutano mkuu hakuna njia ya haki kuliko hiyo. Lakini kwenye timu ya watu sita wanaoonana kila asubuhi, kura ya wanne kwa wawili inaacha wawili wenye kinyongo. Hapo nauliza swali jingine: nani hawezi kabisa kuishi na uamuzi huu, na ni kitu gani kingebadilishwa ili aweze? Mara nyingi kinachotakiwa ni kidogo: tarehe ya kuanza, au muda wa majaribio.

11. Tunaweza kuamulia kwenye kundi la WhatsApp?

Kuarifu, sawa. Kukusanya habari, sawa. Kuamua jambo zito, sishauri. Aliye kwenye zamu haoni ujumbe, asiye na bando haoni, na alama ya dole gumba haielezi kama mtu amekubali au ameona tu.

12. Kikao kiendeshwe kwa Kiingereza?

Kiendeshwe kwa lugha ambayo mwenye maarifa anaweza kubishana nayo. Nimekaa na wapakiaji wa mchele Ahero ambao walijibu "yes" kwa kila kitu, na tulipogeukia Kiswahili tukagundua hawakukubali hata kimoja. Mzee mmoja akaomba aseme kwa Kijaluo, mwenzake akafasiri. Dakika kumi zilizotumika kufasiri ndizo zilizotufaa kuliko asubuhi nzima. Kumbukumbu ziandikwe kwa lugha yoyote ambayo ofisi inataka.

## Mtu mmoja anapoamua

13. Nikiamua peke yangu si nitaonekana dikteta?

Watu huvumilia uamuzi wa mtu mmoja kuliko unavyofikiri, iwapo walisikilizwa na wakaelezwa sababu. Wasichokivumilia ni kudanganywa kwamba waliamua wao (tazama swali la 1). Na usisahau upande wa pili: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wafanyakazi wanachoka na meneja anayeitisha kikao kila anapoogopa kuweka sahihi yake.

14. Kukitokea dharura?

Mwenye ujuzi aliye karibu aamue. Mwanasaikolojia Gary Klein alipowachunguza makamanda wa wazima moto nchini Marekani, aliona kwamba wakati wa moto hawalinganishi njia mbili tatu. Wanaitambua hali kwa sababu wameona nyingi kama hiyo, wanachukua njia ya kwanza inayofaa, na wanaipitisha akilini haraka kabla ya kutenda. Ujuzi huo una masharti: uwe umeona mengi, na uwe ulijua matokeo kila mara. Meneja mgeni wa miezi miwili hana hisia za kuaminika kuhusu boila. Fundi wa miaka kumi na tano anazo.

Kazi ya kundi ni kabla na baada. Kabla, kubalianeni nani ana mamlaka ya kuzima mashine bila kuuliza mtu. Baada, kaeni mzungumze kilichotokea.

15. Mtaalamu mmoja anapinga, sisi kumi tunakubali. Tufuate wengi?

Ikiwa jambo ni la kiufundi na madhara yake hayarudi nyuma, hapana. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga Challenger walisema kisirushwe, kwa sababu baridi ingeathiri mipira inayoziba viungo. Viongozi wa kampuni wakajitenga kuzungumza. Mmoja akaambiwa avue kofia ya uhandisi na avae ya umeneja. Wakapiga kura wanne, wote wa uongozi, wahandisi wakiwa pembeni. Asubuhi chombo kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa.

Huku kwetu ni fundi wa umeme anayesema waya hizi hazibebi friji mbili. Swali la kikao lisiwe "tuko wangapi?" bali "ni nini kitakachotuonyesha kwamba amekosea?" Kama hakuna, friji moja.

## Sheria na wajibu

16. Kamati ikikosea, nani anawajibika?

Lawama ya wote mara nyingi huwa haina mwenyewe, kwa hiyo jina moja liandikwe mapema. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inafuata njia hiyo: kamati ya tathmini inapima zabuni, mkuu wa ununuzi anatoa maoni yake ya kitaalamu, na afisa mhasibu, yaani mkuu wa taasisi, ndiye anayeamua nani apewe zabuni. Wengi wanapima, mmoja anaweka sahihi. Hata duka la watu wanane linaweza kuiga mpangilio huo.

17. Meneja anaweza kumfuta mtu kazi peke yake?

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kumwachisha kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kutojiweza kimwili. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua, na maelezo yao lazima yasikilizwe na kuzingatiwa. Uamuzi unabaki wa mwajiri, lakini kusikiliza si hiari. Hata kwa kosa kubwa la kufutwa papo hapo, asikilizwe kwanza.

## Hali za pembeni

18. Sisi tunakubaliana haraka kila mara. Si ishara nzuri?

Kwa mambo madogo, ndiyo. Kwa makubwa, ogopa. Mwanasaikolojia Irving Janis, aliyechunguza ile kadhia ya Ghuba ya Nguruwe (swali la 9) na nyinginezo, alionyesha mwaka 1972 jinsi kundi lenye upendo linavyoweza kulinda umoja wake hadi likaacha kupima jambo. Na saa nyingine hakuna hata anayelitaka jambo hilo. Kila mmoja anadhani wenzake ndio wanaolitaka.

Jaribu zoezi la Klein, yule wa swali la 14. Kabla ya kupitisha, sema: "Tuko mwaka ujao, na mpango huu umekufa. Kila mtu aandike uliuawa na nini." Mtu aliyeogopa kuonekana mpinzani sasa ana ruhusa ya kusema.

19. Biashara ni ya familia. Nitampingaje baba mkwe mbele ya wafanyakazi?

Usimpinge mbele yao. Nenda kwake kabla, na umpelekee hesabu badala ya maoni: gunia ngapi ziliharibika, shilingi ngapi. Mwombe akushauri ungefanya nini. Mzee akilitoa wazo mwenyewe kikaoni, lichukue, usidai ni lako. Kwenye kikao chenyewe, utaratibu wa karatasi kwenye swali la 5 unamsaidia kila mtu, kwa sababu hakuna mwandiko unaosomwa kama utovu wa heshima.

20. Uamuzi ulipita vizuri, lakini hakuna anayeutekeleza.

Fungua kumbukumbu za kikao hicho. Ukikuta "ilikubaliwa kwamba stoo isafishwe", umepata ugonjwa. Isafishwe na nani, lini? Andika jina la mtu mmoja na siku. Si idara, si "wote".

21. Nilipinga, nikashindwa, na sasa ni mimi ninayetakiwa kutekeleza. Nifanyeje?

Ikiwa uamuzi ni wa kuhatarisha maisha au kuvunja sheria, usitekeleze. Toa sababu zako kwa maandishi na ubaki na nakala. Ikiwa ni tofauti ya maoni tu, itekeleze kazi kwa bidii ileile ungeifanyia njia yako mwenyewe, maana ukiitegea hakuna atakayejua kama mpango ulikuwa mbaya au ulihujumiwa.

Lakini kabla ya kikao kufungwa, mwombe katibu aandike mambo mawili: kwamba ulikuwa na wasiwasi na sababu yake, na tarehe ambayo kundi litarudi kuangalia. Katibu akisita, mwambie maandishi hayo hayaharibu umoja wa kikao. Mimi nikiombwa huandika palepale, naandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, kisha namsomea mwenyewe asikie kama nimemwelewa.